Mwaka Fundi Alipompima Mkewe

Kwa miaka kumi na saba fundi alimshonea mkewe gauni moja kila mwaka, na hakuwahi kumpima hata mara moja. Mkewe alisimama mlangoni mwa duka, mwanga wa barabara ukiwa nyuma yake, na fundi akamtazama kutoka kwenye meza ya kukatia. Kisha aliinama, akachora kwa chaki, akakata. Gauni lilipokwisha lilimkaa kana kwamba alizaliwa nalo. Wateja waliokaa kwenye benchi kungoja suruali zao hawakuacha kumchokoza.

"Fundi, mbona mkeo humpimi? Au futi ni ya wageni tu?"

"Huyu nimemmeza na vipimo vyake," fundi alijibu, pini zikiwa mdomoni.

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la mapenzi, na hakuwa na jingine. Mkewe hakulalamika. Mtaa mzima ulimwita Mama Vifungo, kwa kuwa kazi yake pale dukani ilikuwa kushona vifungo, kutengeneza matundu yake na kupiga pindo kwa mkono. Kila mwaka alisimama mlangoni akatazamwa kwa dakika nzima, kimya, na mtu asiyetazama kitu ovyo. Akarudi kwenye kigoda chake ameshiba.

Mwaka huu, Jumatatu asubuhi, fundi alivuta futi kutoka shingoni akasema, "Njoo nikupime."

Mama Vifungo aligeuka nyuma kuona ni mteja gani aliyeingia. Hakukuwa na mtu.

"Mimi?"

"Wewe, mama pacha. Simama hapa. Sogea, mbele yangu kabisa."

Alisogea. Futi ilikuwa ya baridi. Ilimpita mabegani, ikamzunguka kifua, ikamzunguka kiuno, sawasawa na inavyomzunguka mtu yeyote aliyetoka barabarani na kitambaa kwapani. Kisha fundi akafungua daftari la wateja, akaandika namba moja chini ya nyingine kwa tarakimu kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza.

"Kiuno thelathini na nne," alisema. "Chapati hizo."

Alikuwa anatania. Mama Vifungo alirudi kwenye kigoda, akachukua shati lililokuwa na vifungo vinne vya kushona, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe akajidunga sindano kwenye kidole hadi damu ikatoka. Amenisahau, alijiambia. Mwili wangu umemtoka.

Baada ya siku ile alianza kuona mambo.

Aliona kwanza chai. Kwa miaka yote alimwekea kikombe kwenye ukingo wa meza, upande wa kushoto, upande ambao yeye mwenyewe alikaa. Zamani fundi alikinywa kabla mvuke haujaisha. Sasa kikombe kilikaa pale mpaka kikafanya utando, na Mama Vifungo akakibeba kwenda kukimwaga. Siku moja kiwiko cha fundi kilikigonga, chai ikamwagika juu ya bitana nyeupe ya koti la mtu.

"Nani ameweka kikombe hapa?"

"Mimi. Kama kila siku."

Fundi alichukua kitambaa akaanza kufuta chai, akifuta hata mahali palipokuwa pakavu.

Aliona pia kwamba akisimama kando yake kumuuliza jambo, fundi aliendelea kushona kana kwamba hapo pamesimama hewa, hadi amguse bega. Akimgusa, alishtuka. Mume akishtuka kwa kuguswa na mkewe, mkewe afikiri nini?

Halafu zikaja Alhamisi. Kila Alhamisi ya pili, saa nne asubuhi, fundi alivaa shati la kutokea akasema anafuata zipu. Mama Vifungo ndiye aliyepanga vitu vya dukani. Alijua zipu zimejaa makopo matatu, za rangi zote. Fundi alirudi saa nane, wakati mwingine na zipu mbili nyeusi, wakati mwingine mikono mitupu, macho yamemwiva, shati likinuka sabuni ambayo haikuwa ya nyumbani kwao.

"Umezipata?" mkewe aliuliza.

"Hawakuwa nazo."

Akajibu hivyo huku akitazama mbele, si kwake.

Lakini kilichomtoa usingizi hasa ni mkasi.

Mkasi ule mkubwa wa chuma cheusi ulikuwa wa baba yake fundi, fundi mzee aliyekufa kabla Mama Vifungo hajaolewa. Hakuna aliyeugusa. Siku moja, akiwa bibi arusi wa mwezi mmoja, aliuchukua kukatia uzi, na fundi akamwondolea mkononi polepole, kama mtu anavyomwondolea mtoto wembe. "Huu hapana," alisema. Hakumgombeza, ila toka siku ile Mama Vifungo aliupitia mbali mkasi kama unavyopitia mbali jiko la moto. Wiki mbili baada ya kumpima, fundi aliushika kwenye makali, akamwelekezea mkewe mpini.

"Kuanzia leo utajifunza kukata."

"Kwa nini?"

"Ujue tu. Ujue kila kitu cha duka hili. Kuchora, kukata, kuongea na wateja, kununua kitambaa. Mtu asije akakubabaisha."

Mama Vifungo aliupokea. Ulikuwa mzito kuliko alivyodhani, na mpini ulikuwa na joto la mkono wa mumewe. Mambo haya alishawahi kuyaona, yote, kwa mpangilio huuhuu.

Alikuwa na miaka tisa. Baba yake, mwashi, mtu asiyependa kazi za nyumbani, aliamka Jumapili moja akaanza kutengeneza. Akaziba bati lililovuja. Akafunga bawaba mpya kwenye mlango wa jikoni. Akamwonyesha mama jinsi ya kufungua bomba likiziba, jinsi ya kubadilisha fyuzi, mahali zilipo karatasi za kiwanja. Kila siku alikuwa mpole zaidi ya jana. Mama aliwaambia majirani kwamba mumewe ametulia sasa, ameanza kuipenda nyumba. Jumapili iliyofuata baba alichukua begi la zana zake akaenda kazini, na kutoka kwenye kazi hiyo mpaka leo hajarudi. Nyumba ile haikuvuja tena. Mama alikuwa akikaa chini ya bati lile zima wakati wa mvua, akisikiliza.

Kwa hiyo Mama Vifungo hakuogopa mume mkali, hakuogopa mume mlevi. Alichoogopa ni mume anayetengeneza.

Jirani yao wa ukuta mmoja alikuwa msusi, mwanamke mwenye mikono myepesi na ulimi uliokimbia kuliko mikono. Siku moja fundi alipokwenda kufuata zipu, msusi alikuja na kichana chake kuazima pasi.

"Nasikia siku hizi unakata mwenyewe," alisema.

"Ananifundisha."

"Haya. Mwanaume mwenye kazi yake, nguvu zake, na hata mvi hazijamtosha, anamkabidhi mke duka. Shoga yangu, huyo anahama au anahamia?"

"Acha utani."

"Sitanii. Wangu alinifundisha kuendesha gari. Nikasema napendwa. Kumbe alitaka nijipeleke mwenyewe kwa mama yangu."

Msusi alicheka, akachukua pasi, akaondoka. Mama Vifungo alibaki na shati mkononi. Alishona kifungo kimoja mara tatu mahali palepale, hadi uzi ukafanya kinundu.

Jumapili hiyo mchana, wakiwa nyumbani wawili tu, pacha wao wakiwa shule ya bweni, aliamua kuuliza. Hakuwahi kuuliza swali hilo maishani. Alisubiri mumewe amalize kula, akakaa mbele yake, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Mume wangu. Unanipenda?"

Fundi aliinua uso, akamtafuta kwa macho, akacheka kidogo. "Swali gani hilo, na uzee huu?"

"Nijibu."

"Si nimekupa mkasi?"

Alilisema kwa upole mkubwa. Kwake yeye jibu lilikuwa limekamilika, na lilimtoka mahali pa ndani ambapo hakuzoea kupafungua. Baba yake hakumpa mama yake mkasi ule, hakuwapa ndugu zake, hakumpa mwanafunzi yeyote. Alimpa yeye peke yake, siku ya kulazwa hospitali, na hakusema neno la kuusindikiza. Fundi alifuta mdomo, akainuka, na Mama Vifungo akamsikia akipiga mluzi uani, kama mtu aliyetua mzigo.

Yeye alibaki pale. Alikuwa ameuliza kuhusu moyo, akajibiwa kuhusu urithi. Alikusanya vyombo akaviosha, akaviosha tena.

Ndipo alipopata wazo, na lilikuwa wazo la mtoto wa miaka tisa. Kama mama yake asingejifunza kubadilisha fyuzi, baba angeondokaje? Angemwachaje mtu gizani? Mtu hakabidhi duka kwa asiyejua kukata. Basi hatajua.

Ukweli ni kwamba alijua. Miaka kumi na saba ukikaa karibu na meza ya kukatia, mikono inajifunza bila kuombwa. Wiki ya kwanza tu, fundi alipomwekea shuka kuukuu la kufanyia mazoezi, aliona mstari wa chaki ukimwita, na vidole vikataka kwenda. Alivizuia. Alikata bila kuacha ziada ya mshono. Alikata shingo pana ya kupitisha mabega. Alipindisha mstari ulionyooka.

"Hapana," alisema fundi. "Tuanze tena."

Walianza tena. Siku ya kumi, siku ya ishirini. Fundi hakukasirika, na hilo lilimtisha zaidi. Kila alipokosea, mumewe alizidi kuwa na haraka. Aliongeza saa za kufundisha. Alikuwa anakunja uso, anainamia kitambaa hadi pua inakaribia kukigusa, anapitisha kidole kwenye mstari.

"Jitahidi, mama pacha. Muda unakwenda."

"Muda wa nini?"

"Muda tu."

Hata safari yake imepangiwa siku, aliwaza. Akatazama kalenda ya ukutani, akajiuliza ni Alhamisi ipi.

Mwezi wa pili wa mafunzo aliingia mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mwanamke mrefu aliyekuwa anastaafu, na kitambaa cha buluu alicholetewa na mwanawe kutoka mbali. "Fundi, hiki hakina pacha," alisema. "Nitakivaa siku ya kuagwa, Jumamosi." Fundi alimpima, akaandika, akamshukuru. Mwalimu alipotoka, fundi alikunjua kitambaa juu ya meza, akaushika mkasi, akasimama nao kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia mkewe.

"Kata wewe."

"Hiki? Hiki hakina kingine."

"Nimekwisha chora. Fuata chaki. Leo naomba usikosee."

Sauti yake ilikuwa na kitu ambacho Mama Vifungo hakuwahi kukisikia, kama ya mtu anayeomba maji. Siku nyingine angekitambua kuwa ni hofu. Siku ile, akiwa amejaa hofu yake mwenyewe, hakuwa na nafasi ya kupokea ya mtu mwingine. Alikata mbele, sawa. Alikata mgongo, sawa. Fundi alianza kupumua. Ilipofika mikono, alikikunja kitambaa kinyume, akakata mikono miwili, yote ya upande wa kulia.

Akaiweka mezani, mmoja juu ya mwingine, na kusubiri.

Fundi alipitisha vidole. Aligeuza mkono wa kwanza, akageuza wa pili, akaulalisha kwenye mwili wa gauni, akauondoa. Kisha aliketi chini, si kwenye kiti, chini kwenye sakafu, katikati ya vipande na nyuzi, akafunika uso.

Mama Vifungo alikuwa amejiandaa kwa matusi. Hakuwa amejiandaa kwa hilo.

"Basi tumekwisha," alisema fundi ndani ya viganja vyake. "Sasa nitafanya nini? Nitafanya nini?"

"Utabaki," alisema mkewe.

"Eti?"

"Utabaki hapa. Siwezi kukata, unaona. Siwezi. Kwa hiyo huwezi kuniacha."

Fundi aliondoa mikono usoni. "Nikuache? Mimi naenda wapi?"

"Unakokwenda Alhamisi. Unakotoka ukinuka ile sabuni."

Nje, mashine ya msusi ya kukaushia nywele ilikuwa ikinguruma, ikazimwa. Fundi alimtazama mkewe kana kwamba ndiye aliyezungumza lugha ya watu wengine, kisha akatia mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kichupa kidogo cha plastiki chenye mfuniko wa buluu, akakishika kwenye kiganja kilicho wazi.

"Ni kliniki ya macho," alisema. "Nina presha ya macho. Miezi minane sasa. Kilichokwenda hakirudi, wamesema. Hii dawa ni ya kulinda kilichobaki, na hawajui kitabaki kwa muda gani."

Mama Vifungo alikuwa anahesabu. Kikombe, upande wa kushoto. Yeye, kando. Bega lililoguswa likashtuka. Futi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilisema ujifunze kwanza. Siku nikikuambia, uwe umekwisha kujua kazi, usiwe na cha kuogopa."

Alitaka kucheka, au kumpiga. Badala yake akapiga magoti mbele yake, pale sakafuni, akachukua kifungo kimoja cheupe kutoka kwenye mfuko wa aproni.

"Nitazame puani. Usigeuze macho. Ukikiona kifungo, sema."

Alikishika nyuma ya sikio la kushoto la mumewe, akaanza kukileta mbele taratibu. Kikapita sikio. Kikapita kishungi cha nywele. Kikapita mahali ambapo yeyote angekiona. Alikileta hadi kwenye shavu, kisha hadi karibu na pua.

"Hapo," alisema fundi.

Alirudia upande wa kulia. Huku kilifika nusu ya njia. Akashusha pumzi.

"Simama mlangoni," fundi alimwomba. "Simama kama kila mwaka."

Alikwenda akasimama. Mchana ulikuwa mkali nyuma yake. Fundi alimtazama kutoka pale chini, akisogeza kichwa kidogo kidogo, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo.

"Unaona nini?"

"Uso. Nikitafuta bega, uso unapotea. Nikishuka kiunoni, bega limeondoka. Nilikungoja asubuhi ile ya Jumatatu ukusanyike, hukukusanyika. Ndiyo maana nikachukua futi. Niliona aibu kuliko siku zote za maisha yangu. Nikatania chapati."

Mama Vifungo alirudi mezani. Alichukua kitambaa cha buluu kilichosalia, akakinyoosha, akakipima kwa shubiri. Kilikuwa kidogo, ila ukiunga kipande chini ya kwapa, mahali pasipoonekana, mkono wa kushoto ungetoka. Akaushika mkasi. Hakuchora. Alikata mara moja, mwendo mmoja mrefu usiosita, na fundi, aliyekuwa bado sakafuni, akainua kichwa kwa sauti ile. Fundi huijua sauti ya mkasi ulioshikwa na anayejua.

"Kumbe," alisema.

"Tangu wiki ya kwanza."

"Miezi miwili umenitesa na lile shuka?"

"Na wewe miezi minane?"

Mabega ya fundi yakaanza kutikisika, na Mama Vifungo hakujua kama ni kicheko au ni kilio mpaka alipoinama karibu, na hata hapo hakuwa na uhakika.

Saa kumi jioni ilikuwa saa ya dawa. Siku zote hizo fundi alikuwa akijitilia mwenyewe, chooni, na nusu yake ilimtiririka shavuni. Mama Vifungo alimkalisha kwenye kigoda chake cha vifungo, akamwinua kidevu, akavuta chini ukope wa kushoto. Mkono huu uliweza kutunga uzi kwenye sindano namba kumi bila kulenga. Sasa kichupa kilimtikisika juu ya jicho, na lile jicho, kubwa, jekundu kidogo, lilimwona yeye na sehemu ndogo sana iliyomzunguka.

"Unaogopa," alisema fundi.

"Tulia. Wewe ndiye unatikisa kichwa."

"Sawa."

Hakuna aliyetikisa kichwa. Tone likakusanyika kwenye ncha ya kichupa, likaning'inia, na wote wawili wakalingoja lidondoke.